Macho mekundu ya mama yangu na degedege la mwanangu, Nyakato miaka ya tisini

Wakuu, poleni na mihangaiko. Wakubwa zangu humu, shikamooni.

Juzi kuna uzi watu walikuwa wanacheka imani za sisi watu wa kanda ya ziwa. Na mimi nilicheka. Halafu nikaacha kucheka, maana nilikumbuka.

Ninachoandika hapa kilinikuta. Majina nimebadilisha, mengine yote nayaweka kama yalivyokuwa. Asiyeamini apite tu, sitagombana naye.

Kwanza mnijue. Shule niliacha darasa la sita. Akili zilikuwepo, ila miguu ilikuwa haitulii. Nimechimba dhahabu Geita, nimepakia marobota ya pamba, nimeishi visiwani na wavuvi. Nikisikia mahali kuna kitu kipya, lazima nikakione na kuuliza maswali mpaka wenyewe wanichoke.

Katikati ya miaka ya tisini mke wangu alifariki kwa uzazi. Akaniachia kichanga, Masanja, na dada yake Kabula aliyekuwa anakaribia kuanza shule.

Mama yangu akatoka kijijini Kwimba, akaja Nyakato kunilelea. Mimi nikaendelea na vibarua. Kuondoka kabisa nilishindwa, ila moyo ulikuwa barabarani.

Wenyeji mtakumbuka Nyakato ya wakati ule. Kiwanda cha nguo kilikuwa kinapunguza watu. Wanaume waliozoea king'ora cha asubuhi wakawa wanakaa barazani na kaptula, wanaangalia watu wakipita.

Upande wa pili viwanda vya samaki vilikuwa vinafunguliwa. Sangara anakatwa minofu, minofu inapanda ndege kwenda Ulaya. Sisi tunabaki na mapanki, yaani kichwa na mifupa yenye nyama kidogo. Niliwahi kumuuliza dereva mmoja wa lori la minofu kama yeye amewahi kuionja. Akanijibu, "Wewe ndugu una maswali ya ajabu."

Wanawake wakaanza kukaanga mapanki na kuuza. Mama naye akaanza. Karai kubwa, mafuta yanayochemka, na chini yake maranda ya mbao ambayo mafundi seremala walikuwa wanayatupa. Maranda yanawaka vizuri, lakini moshi wake, wakuu, acheni tu.

Baada ya muda macho yake yakawa mekundu kama pilipili.

Kwa msiotoka kwetu, naomba mnielewe hapa. Bibi kizee mwenye macho mekundu, miaka ile, hakuwa mtu wa kuambiwa pole. Alikuwa mtu wa kuangaliwa. Kule vijijini walikuwa wanaitwa wachawi na kukatwa mapanga, na habari zilikuwa zinafika mjini kila mara.

Ishara ya kwanza niliiona kwa wateja. Walinunua, lakini hawakupokea mkononi mwa mama. "Weka hapo chini bibi, nitachukua." Mama anaweka chini, wanaokota.

Ishara ya pili ilikuwa ndani ya nyumba yangu.

Nyuma ya chumba chetu kulikuwa na mawe makubwa, kama mji wetu wote ulivyo. Siku moja nikakuta matonge ya ugali yamefichwa nyuma ya jiwe, siafu wamejaa. Nikamwita Kabula.

"Huu ugali ni wa nani?"

"Sina njaa, baba."

"Na ule wa jana?"

Akainama. Kisha akasema haraka haraka, kama mtu anayetapika.

"Suzi kasema mama hakufa. Kasema bibi alimla. Kasema sasa ni zamu ya Masanja."

Suzi alikuwa mtoto wa jirani yetu, mlango unaofuata. Mama yake alikuwa mtu mwema kabisa. Baba yake alikuwa fundi wa mashine aliyepunguzwa kiwandani, na sasa alikuwa kiongozi wa sungusungu, walinzi wa mtaa. Filimbi ilining'inia shingoni mwake hata akienda chooni.

Nilimweleza mtoto kwamba bibi alikuja baada ya mama kufariki, siyo kabla. Akatikisa kichwa kukubali. Kesho yake ugali uko nyuma ya jiwe.

Hapo nikaogopa kweli. Kila Masanja akipiga chafya, nakimbilia kumpima joto kwa mkono. Huyu mtoto akifa, na mama yangu amekufa.

Nikafikiri, nikaona dawa ni kuficha macho. Nikaenda Makoroboi kwenye mitumba, nikamnunulia mama miwani ya jua, ile ya kufunika nusu ya uso.

Mama akaivaa, akacheka mpaka akakaa chini. "Sasa nimekuwa dereva wa lori?"

Lakini alivaa, kwa ajili yangu. Siku ya kwanza mtaa mzima ulicheka na kumwita Bibi Ulaya. Nikapumua.

Siku zilizofuata kicheko kikaisha. Nikamsikia Mama Suzi bombani akiwaambia wenzake taratibu, "Mtu haanzi tu kuficha macho. Anaficha nini?"

Ikawa afadhali macho kuliko miwani.

Sasa siku yenyewe.

Mchana nilikuwa Buzuruga stendi napakua mizigo ya basi. Nikamwona Kabula anakuja mbio, peku.

"Baba! Masanja anarusha miguu!"

Nilifika nyumbani nikakuta watu wamejaa uani. Mama amekaa kwenye mkeka, Masanja mapajani kwake. Mtoto amekakamaa, macho yamepinda juu, povu mdomoni. Degedege. Miwani imeanguka, macho ya mama wazi mbele ya wote, mekundu, na machozi juu yake.

Nikataka kumbeba mtoto nikimbie hospitali. Baba Suzi akasimama mlangoni.

"Akichomwa sindano anakufa, unajua hilo. Mwambie mama yako amwachie mtoto."

"Amwachie nini?"

"Amtemee maji. Amwachie. Sisi hatuna ugomvi, tunataka mtoto apone."

Wengine wakaitikia. Tayari kulikuwa na kikombe cha maji kimeletwa.

Wasukuma wenzangu mnajua, mzazi kumtemea mtoto maji ni baraka. Lakini pale ilikuwa mtego. Akitema, amekiri. Akikataa, anaua. Na nyuma ya Baba Suzi niliona vijana wameshika marungu.

Mama akanyoosha mkono. "Nipeni. Kama ndiyo itamponya, nipeni."

Alijua maana yake, wakuu. Nilimwona usoni kwamba anajua.

Nikakipiga kile kikombe kikaruka. Na hapo, sijui maneno yalitoka wapi, nikapaza sauti:

"Msimguse! Nimetoka kwa mganga mtaalamu Geita. Kasema kitu alichonacho huyu mama, anayemgusa akiwa amembeba mtoto, kinamhamia yeye na watoto wake! Lazima nikawaachanishe kwa maji mengine, siyo haya!"

Vijana wakashusha marungu.

Baba Suzi akawa wa kwanza kurudi nyuma. Uani pakafunguka njia kama tumebeba jeneza.

Nikamshika mama bega nikamwinua, Masanja mikononi mwake, Kabula nyuma yetu. Tukatembea katikati yao. Nilikuwa nasikia pumzi za watu. Jiwe moja tu lingerushwa, ingekuwa imekwisha. Hakuna aliyerusha. Tulipofika barabarani, gari la mchanga likatubeba.

Hospitali nesi hakuuliza habari za mtaalamu. Malaria, imepanda kichwani. Sindano, dripu ya kwinini, maji ya kumpoza. Jua lilipoanza kushuka Masanja akalia kwa sauti. Sijawahi kupenda kelele za mtoto kama siku ile.

Nesi yule akamwangalia na mama. "Bibi, unapikia nini? Haya macho ni moshi. Utapofuka."

Mama alikuwa hajanitazama tangu nyumbani. Nikajua ni kwa nilichosema. Nikaanza kuomba radhi, akanikata.

"Uliongea vizuri, baba. Hata mimi mwenyewe niliogopa kujigusa."

Sikujua nicheke au nilie.

Kabula alikuwa amekaa mwisho wa benchi, mbali. Nikamwambia asogee kwa bibi. Akagoma. "Ulisema anayemgusa kinamhamia."

"Nilidanganya, mwanangu. Nilitaka watupishe."

Akaniangalia. "Uliwadanganya wale, au unanidanganya mimi?"

Nikasogea mimi, nikakaa katikati yao.

Kesho yake Mama Suzi akaja na uji kwenye chupa. Alimwona Masanja anacheka, akalia kwa furaha. Akasema, kwa upendo kabisa, "Tumshukuru Mungu, bibi ameachia."

Kisha akaninong'oneza. "Msirudi, shemeji. Baba Suzi na wenzake wanasema aliyeweza kuachia, anaweza kushika tena. Vyombo nitakuletea."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hapakuwa na mlango wa kutokea. Mtoto angekufa, mama ni mchawi. Kapona, mama ni mchawi.

Hatukurudi. Tulipata chumba Ilemela, mlimani kwenye mawe. Nikamkataza mama jiko. Watoto wanataka kula, vibarua ni vya kubahatisha, kwa hiyo karai nikalishika mimi. Mwanaume kukaanga mapanki, watu walinicheka sana. Sikujali, nilikuwa nimeshaogopa kiasi cha kutoogopa kuchekwa.

Miezi ikapita, Kabula bado anakula chakula nilichopakua mimi tu.

Siku moja jioni akanisogelea kwenye karai, akanikazia macho.

"Baba, na wewe umeanza?"

Nikajiangalia kwenye kioo. Mekundu kabisa. Mtaani walikuwa wanasema navuta bangi, hakuna hata mmoja aliyesema mchawi.

Nikamwambia, "Kaa hapa na mimi, nigeuzie samaki."

Akakaa. Moshi ukamwingia, akafikicha, akalia, akakataa kuondoka. Mwishoni akachukua kioo, akajitazama muda mrefu. Kisha akaingia ndani alikolala bibi yake.

"Bibi, angalia. Na mimi."

Nikasikia mama anajibu, "Karibu, mchawi mwenzangu."

Wakacheka wote wawili. Jioni ile Kabula alipokea tonge mkononi mwa bibi yake, mimi nikiwa nimesimama mlangoni na mwiko, naogopa hata kukohoa nisije nikaharibu.

Nilichojifunza: mtoto aliyeingiziwa hofu hatolewi kwa maneno yako, hasa kama maneno yako amekwisha kuyasikia yakidanganya. Inabidi ukae naye kwenye moshi. Na ukikutana na bibi mwenye macho mekundu, tafadhali, angalia kwanza anapikia nini.

Kama nawe ulimlea mtoto katikati ya hofu kama hizi, andika hapo chini ulifanyaje. Na anayeona nilikosea kusema yale maneno uani, aseme pia. Mimi mwenyewe bado najiuliza.