Nembo Iliyosuguliwa

Mama yangu mdogo alikuwa mlezi wa bibi kizee wa Louisville, Marekani, kipofu, mwenye vinara viwili vya fedha vilivyotoka Uingereza. Kila kinara kilikuwa na matawi matatu ya mishumaa, na kwenye tako lake palichongwa nembo ya kabaila wa Kiingereza aliyekuwa babu wa babu yake: simba aliyeshika ufunguo. Kila jioni bibi aliipapasa nembo hiyo kwa kidole gumba, akatabasamu, ndipo akafungua kinywa kupokea kijiko.

Siku zote nimeidharau fahari ya kuzaliwa. Hata hivyo, kwetu milimani Kivu nasaba hukaririwa kwa mdomo. Kwao ilichongwa kwenye fedha. Tofauti ni ndogo kuliko nilivyotaka iwe.

Vinara hivyo vilikuwa vimepiga weusi, na kwa mama mdogo chombo cheusi ni aibu ya mwanamke. Hakumwuliza mtu. Kila Jumamosi alivisugua kwa majivu na mchanga laini, kama sufuria za nyumbani, hadi vikameta. Nembo, ambayo miaka ilikwisha kuila, ikatoweka.

Jioni moja kidole gumba kilizunguka, kikarudi, kikazunguka tena.

"Hivi si vyangu," bibi akasema. "Umeviiba."

Mama mdogo alinipigia simu Buffalo, ninakoishi, akilia. Niliendesha gari hadi Louisville, nikamkuta binti wa bibi amekwisha kufika kutoka Westerville. Binti alipindua kinara, akaziona chini yake alama ndogo za wafua fedha alizozijua tangu utotoni, mahali ambapo mchanga haukufika.

"Mama, ni vyenyewe. Vimesuguliwa tu."

"Nimekuwa kipofu, sijawa mpumbavu."

Mama mdogo alinivuta shati. "Mwanangu, wewe mwenye umesoma vitabu vyote, mwambie! Donc, basi, mimi ni mwizi wa kitu chenye kiko mbele yake?"

Nilimweleza bibi kwa Kiingereza changu bora: majivu, mchanga, heshima. Kila neno la kweli lilitoka kinywani mwangu likifanana na utetezi wa mwizi.

Mama mdogo akainua kijiko cha supu. "Kula, mama," akasema kwa Kiswahili, maneno ambayo bibi alikwisha kuyazoea. Bibi aligeuza uso kuelekea ukutani.

"Simtuhumu," binti aliniambia kwa upole. "Lakini ni lazima mama ale. Kesho atakuja mlezi mwingine."

Nilitafuta mtu wa kumkemea, maana kukemea ndiko ninakokujua. Sikumpata.

Tulirudi kwangu kaskazini pamoja. Tulipoupita mji wa Columbus, mama mdogo alinigeukia.

"Bon, sasa, huyo mupya," akauliza, "atajua kama supu anaipenda ya vuguvugu?"

"Atajua, mama mdogo," nikasema, nami sikujua.