Kibao Shingoni mwa Mwalimu Vitalia

Mwalimu Vitalia alipopangiwa sekondari moja ya kata karibu na Liuli, kando ya Ziwa Nyasa, hakujua hata neno moja la Kinyasa. Yeye ni Mmatengo, amekulia kwenye kahawa huko juu Mbinga. Kinyasa alifundishwa na wanawake wanaoanika usipa, dagaa wa ziwa hilo. Hawakumwandikia kitu. Walimpa beseni, wakamwambia amwage hapa, ageuze wale, afukuze kunguru; akikosea walicheka, wakarudia, kazi ikaendelea. Mwaka haukuisha, alikuwa anabishana nao.

Hilo lilimkaa kuliko yote aliyosoma chuoni. Yeye amepata lugha ufukweni bila daftari, na wanafunzi wake wa kidato cha pili, wenye madaftari yaliyojaa sarufi ya Kiingereza, hawawezi kumwomba ruhusa ya kwenda kunywa maji!

Akabadili darasa. Aliwaketisha wawili wawili, mgongo kwa mgongo: mmoja ana picha ya mtumbwi, mbuzi na nyumba, mwenzake ana karatasi tupu, na lazima aelekezwe kwa Kiingereza mpaka achore ileile. Alileta samaki wakavu aina ya mbasa, wanafunzi wakawapiga mnada. Mtu akikosea katikati ya sentensi hakumkatiza. Aliandika kosa pembeni, na mwisho wa kipindi wakasahihisha yote ubaoni bila kutaja jina. Aliyekwama kabisa aliruhusiwa kuuliza kwa Kinyasa, apewe neno, aendelee.

Hapo ndipo alipogongana na mkuu wa shule, Mwalimu Kilian.

Shule ilikuwa na kibao cha mbao chenye kamba, kimeandikwa maneno ya Kiingereza. Aliyekutwa akisema lugha ya nyumbani alivalishwa shingoni mpaka amnase mwenzake. Recho, binti wa mvuvi kutoka Lundo, alikaa nacho siku nne kwa sababu hakutaka kumchongea mtu. Baada ya hapo akanyamaza. Darasani alitikisa kichwa tu.

Vitalia akaingia ofisini. "Mkuu, kibao hiki kinafundisha watoto kunyamaza."

"Kinafundisha nidhamu, Madam," alisema Kilian. "Wazazi wanataka Kiingereza, wewe unawapa mnada wa samaki."

"Wananunua kwa Kiingereza."

"Tusibishane. Kanuni inamhusu kila aliye ndani ya eneo la shule."

"Kila mtu?"

"Kila mtu."

Kesho yake, wanafunzi wakiwa wamejipanga mstarini na walimu wamesimama barazani, Vitalia alitoa simu akampigia mama yake Mbinga. Alimwamkia kwa Kimatengo, kwa sauti ya kufika mstari wa nyuma kabisa. Akauliza habari za goti lake, za kahawa, za ndama. Akakata simu. Akaenda moja kwa moja kwa mwanafunzi aliyekuwa amevaa kibao siku hiyo. Akamvua, akakivaa yeye.

"Nimesema na mama yangu," aliwaambia wote. "Na sitamnasa mtu. Kitakaa kwangu."

Kilian alimwamuru akivue. Vitalia akamjibu kwa upole kwamba kanuni hairuhusu.

Alikivaa wiki nzima. Alifundisha nacho, akaenda nacho gulioni, na Jumapili akakaa nacho kanisani, benchi la tatu. Baada ya ibada, Mama Otilia, mama yake Recho, akamshika kamba.

"Mwalimu, hiki ndicho alichovaa mwanangu?"

"Ndicho, mama."

"Kimeandikwaje?"

"Kinasema: mimi ni mpumbavu, nasema kama mshamba."

Mama Otilia akaiachia kamba. Miaka yote watoto walirudi nyumbani wakisema ni kibao cha Kiingereza tu, na hakuna mzazi aliyeuliza zaidi.

Jumatatu wazazi zaidi ya thelathini walikuwa nje ya ofisi ya mkuu. "Kiingereza tunakitaka," alisema Mama Otilia kwa niaba yao. "Matusi hatuyataki. Mimi nimemzaa mpumbavu?"

Kilian hakutangaza chochote. Kibao kiliingia kabatini, basi. Lakini Vitalia alipewa barua ya kujieleza kwa kuidhalilisha shule. Alijibu mistari mitatu: kwamba alitii kanuni kama ilivyo, kwamba hana cha kuombea radhi, na kwamba yuko tayari kurudia. Wiki hiyohiyo akanyang'anywa kidato cha nne, darasa aliloliandaa tangu Januari, akaongezewa kidato cha kwanza chenye wanafunzi mia moja na kumi na mbili. Iliuma. Alilia jikoni kwake, akanawa uso, akaanza kukata karatasi za picha.

Na darasa la Recho, kidato cha pili, lilibaki kuwa lake. Alhamisi moja waliketi nje, mgongo kwa mgongo, na Recho ndiye mwenye picha. Alianza kwa kunong'ona. Mwenzake akamchora mbuzi juu ya paa, na Recho akashindwa kuvumilia: akapaza sauti kwa Kiingereza chenye mashimo kila mahali kwamba mbuzi yuko chini, chini, kushoto, wewe una masikio kweli?

Darasa zima likaangua kicheko, Recho naye ndani yake.

Makamu wa mkuu akaja haraka. "Madam, Mkuu anasema huku kuna kelele."

"Mwambie asikilize vizuri," alisema Vitalia, bila kuinuka. "Hicho ni Kiingereza."