Nilitengeneza website ya ukumbi wa sinema Nyamongo, nikafukuza watazamaji wote mpaka mimi mwenyewe

Wakuu, heshima kwenu popote mlipo.

Hii sio chai na sijatumwa na mtu. Yamenikuta mwenyewe, mengine yananiaibisha, ila nayaweka kama yalivyokuwa.

Mimi ni kijana wa Nyarero, Tarime. Nilisomea kompyuta, naishi kwa kutengeneza website. Mke wangu ni wa Kerende, kule Nyamongo kwenye migodi. Hilo la mke lishikeni, tutalirudia.

Pale Kerende kuna mzee, tumwite Mzee Marwa. Alijenga ukumbi wa sinema wa kueleweka: tofali, bati, viti vya plastiki themanini, picha inajaa ukuta mzima. Sio yale mabanda ya turubai ambayo mvua ikinyesha mnaangalia sinema na mwavuli.

Tatizo, watu hawaji. Mzee akatangaza nyumbani kwake kwamba mahindi yakivunwa na ukumbi bado mtupu, anaweka magunia humo ndani, mchezo umekwisha.

Aliyeumia ni binti yake, Rhobi. Yeye ndiye anakata tiketi, anachagua filamu, anafagia, kila kitu. Hakuna kazi nyingine anayoipenda duniani. Ananifahamu kupitia mke wangu, akanipigia akilia.

Kumbe website walikuwa nayo tayari! Waliuziwa na jamaa mmoja wa mjini anayejiita mtaalamu wa digitali.

Wakuu, nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Unafungua, nembo inazunguka. Halafu muziki unapiga bila kuombwa. Halafu picha ya Wazungu wanakula bisi. Kerende hiyo! Chini yake Dira Yetu, Dhamira Yetu, Maadili Yetu ya Msingi, utadhani wizara. Bando linakata na bado hujajua leo wanaonyesha nini.

Nikafuta takataka zote.

Mzee naye akaja na lake. Anataka picha ya ng'ombe wake iwe juu kabisa.

"Mura, watu wajue mwenye ukumbi sio mtu wa kuokotwa."

Nikamwambia, "Baba, ng'ombe hawaonyeshi sinema." Alininunia siku mbili.

Nikaweka page moja tu. Leo filamu gani, saa ngapi, kiingilio, namba ya Rhobi. Herufi kubwa. Inafunguka hata kwenye simu iliyopasuka kioo, hata network ikiwa ya kuokoteza.

Ningeishia hapo ningekuwa shujaa. Lakini kichwa kilishavimba.

Nikaongeza ramani ya viti. Unachagua kiti, unaandika jina lako, na jina linatokea pale pale kila mtu alione. Nilijua watu wakiona viti vinajaa watagombania.

Rhobi akauliza, "Majina ya nini kaka? Si namba ya kiti inatosha?"

Nikamjibu, "Wewe kata tiketi. Hii inaitwa user experience." Nikikumbuka hilo jibu natamani kujizaba kibao.

Uzinduzi ukapangwa Jumapili saa nane mchana. Mimi nikae mbele kupokea watu. Nikajiwekea kiti namba nne, nikajiandika "Mgeni Rasmi". Eti.

Ijumaa viti sitini vimechukuliwa. Nikatamba kila kona.

Jumamosi vimebaki thelathini. Watu wanajitoa mmoja mmoja. Nikaanza kuwatukana moyoni. Washamba hawa, unawaletea maendeleo wanayapiga teke.

Jumapili nimeshafika Nyamongo, nimekaa mgahawani nakunywa chai, nafungua website yangu nijivunie kidogo.

Kiti namba tatu. Jina la mama mkwe wangu. Kamili, na la babake.

Kwa wasiotujua: kwetu Wakurya mwanaume hakai na mama mkwe. Hampeani mkono, hamli pamoja, ukimwona njiani unachepuka shambani. Baba mkwe na mke wa mwanawe hivyo hivyo. Ni heshima, haina mjadala. Sasa fikiria umekaa naye bega kwa bega halafu kwenye sinema watu waanze kubusiana.

Zamani pale ukumbini giza lilikuwa linasaidia. Ukimwona mkwe mlangoni unainama kufunga kamba za kiatu, anapita, kila mtu anakaa upande wake, hakuna aliyemwona mwenzake. Lakini jina likishaandikwa, utasema hukujua?

Nikafungua orodha ya waliojitoa. Huyu kaoa kwa yule. Yule ni baba mkwe wa huyu. Walikuwa wanasoma majina na kukimbiana! Na mimi, Mkurya wa Nyarero niliyeoa hapo hapo Kerende, ndiye niliyewakimbiza.

Nikafanya nini? Sikwenda. Niliagiza chai ya pili na ya tatu, simu ya Rhobi inaita, naiangalia tu.

Waliingia watu sita. Mgeni rasmi hakuonekana.

Jioni nikamfuata Rhobi. Hakunigombeza. Aliniuliza kitu kimoja tu, "Kaka, kwani wewe si Mkurya?"

Wakuu, ile iliniingia.

Akasema, "Toa majina. Halafu andika mstari mmoja: Jumamosi wazee na wamama, Jumapili vijana na ndoa changa. Mtu asome ajue zamu yake."

Ilinichukua dakika kumi. Miaka yangu yote chuoni, nimesahihishwa na mkata tiketi.

Jumamosi iliyofuata wamama walijaa, vicheko vinasikika mpaka barabarani. Jumapili vijana wakakosa pa kukaa.

Mahindi yameshavunwa. Magunia yamepangwa sebuleni kwa Mzee Marwa, anayapanda kwenda kulala. Anamwambia kila mtu website ni wazo lake. Nikamwekea ng'ombe mmoja, mdogo, chini kabisa.

Somo nililopata: kabla hujamdharau mtumiaji, hakikisha unamjua. Mimi nilimjua tangu nazaliwa, nikamsahau kwa sababu ya cheti.

Juzi mke wangu kaniletea salamu. "Mama anasema website ni nzuri sana. Ila anauliza, siku ile mgeni rasmi alikuwa mjinga gani? Kiti chake kilikaa kitupu, akawekea mkoba."

Nikainama kufunga kamba za kiatu.

Wenye wakwe na wenye website, karibuni mtiririke na visa vyenu. Ila kama kuna mtu wa Kerende humu, uzi huu hujauona.