Mchanga wa Kisima cha Mama

Mimi si mtu wa kukaa. Nikisubiri chai ichemke naosha gari, na gari likishakuwa safi nakwenda jikoni kuuliza chai imefikia wapi. Mke wangu husema hata usingizini miguu yangu inaendesha. Nimekuwa na pikapu hapa Masasi kwa miaka mingi, nabeba saruji, mbolea, matofali, korosho zikiwa msimuni, na katika hayo yote kazi niliyoichukia ni moja tu, kushusha mchanga.

Kupakia hakukunisumbua, kwa kuwa mtoni kuna wachimbaji wenye machepe yao na mimi kazi yangu ilikuwa kuwahimiza. Kuendesha ndiyo raha yenyewe, hasa pale barabara inapoanza kupanda kwenda Newala na hewa inabadilika. Shida ni ukifika. Unazima injini, unafungua mlango wa nyuma, na mchanga haushuki. Unachota chepe la kwanza, la kumi, la hamsini, kiuno kinalia, na bado kuna ule uliojibana kwenye pembe za bodi ambao lazima uukwangue kwa mkono. Saa nzima gari limesimama kama ng'ombe mgonjwa, na mimi nasimama nalo.

Mwaka ninaoukumbuka, mchanga ulikuwa wa kisima cha mama. Kule Newala maji ya ardhini yako mbali mno, kwa hiyo mwenye uwezo huchimba shimo kubwa uani, hulijenga kwa tofali, hulipiga plasta, na mvua ikinyesha maji ya bati yanaingia humo kwa mfereji. Ukichota kwa adabu, yanakufikisha mbali katika kiangazi. Kisima cha nyumbani alikijenga baba kabla sijaoa. Baba alipokufa kikaanza kuchoka, nyufa zikatokea, na mama akarudi kufuata maji kwenye bomba la mtaa na ndoo kichwani. Siku moja aliteleza njiani akaangukia mkono, ukavunjika. Hospitali akafungwa hogo kuanzia kiganjani mpaka kiwiko.

Ndugu zangu wakaja, tukakaa sebuleni kwake na yeye katikati. Tulikubaliana hivi: kisima kijengwe upya kabla ya mvua. Kikishika maji, mama anabaki kwake. Kisiposhika, anafunga nyumba anahamia kwangu Masasi. Mama alisikiliza yote huku ameupakata ule mkono wake mgumu. Alikuwa hataki kuondoka, hilo lilionekana bila yeye kulisema.

"Nimekubali," alisema. "Basi leteni mchanga."

Fundi alihesabu safari nane za pikapu yangu. Mwezi ulikuwa wa kumi, korosho zilikwisha anza kudondoka, na kila siku niliyoipoteza na mchanga ilikuwa siku ambayo magari ya wenzangu yalikuwa yakipeleka magunia ghalani. Nilitaka safari nane ziishe kwa siku nne.

Sasa, kule kwa mama kuna desturi yao. Gari la mchanga likiingia uani kwa mtu, wanawake wa jirani wanatoka. Hawaitwi. Wanasikia injini inavyolemewa kwenye ule mwinuko wa mwisho na wanajua ni mzigo. Wanakuja na mabeseni, na ndoo, na masufuria yaliyotoboka, wanapanga mstari kutoka garini mpaka mahali pa kurundika, mchanga unatembea mkono kwa mkono. Mwenye mji anatoa chakula. Siku ya safari ya kwanza mama alichemsha ming'oko, vile viazi pori vya kwetu, sinia zima, kwa mkono mmoja, na maneno yalikuwa mengi kuliko mchanga. Nani kaolewa, nani karudi, mtoto wa nani anafanana na nani. Mtu anasimama na beseni lake limejaa, anamaliza hadithi kwanza, ndipo analipitisha. Mimi nilikuwa nazunguka gari, nafungua boneti, nafunga boneti.

Miongoni mwao alikuwepo jirani wa ukuta kwa ukuta, mjane kama mama, ambaye mimi humwita mama mdogo. Huyu alikuwa na tabia ya kuchota mchanga kiganjani, kuufinya, kisha kusugua viganja viwili pamoja na kuvitazama. Safari ya kwanza aliupitisha. Safari ya pili akasimamisha mstari wote.

"Huu una udongo, baba," aliniambia. "Tazama mkono wangu ulivyokuwa mwekundu. Plasta yake haitashika."

"Mama mdogo, ni mchanga wa mto uleule."

"Mto uleule, lakini wamekuchotea ukingoni. Rudisha."

Nilikasirika vibaya. Nusu ilikuwa imeshashuka, wakairudisha garini beseni kwa beseni, wakicheka, na mimi nikaenda kuumwaga kwenye korongo la barabarani na kurudi Masasi nimenuna njia nzima. Siku ikawa imekwenda. Usiku sikulala vizuri, nikawa nawaza namna ya kushusha mchanga bila wale akina mama.

Nilijaribu mengi. Kwanza nilipakia kwenye viroba, lakini kujaza viroba mtoni kulikula muda uleule niliouokoa. Nikajaribu kurudi nyuma kwa kasi na kufunga breki ghafla, mchanga ukasogea kidogo na bawaba ya mlango ikakatika. Kisha nikapita Ndanda, nikamwona dereva mmoja anashusha maranda ya seremala kwa wavu wa zamani aliofunga kwenye nguzo. Alisogeza gari mbele, maranda yote yakabaki chini. Nilisimamisha gari katikati ya barabara kumwangalia, wakanipigia honi.

Mimi nikafanya kwa turubai. Unalitandika ndani ya bodi kabla ya kupakia, ncha za mbele, zile za upande wa kabini, unazifunga kamba nene. Mchanga ukishajaa unailaza kamba juu yake mpaka nyuma. Ukifika unafungua mlango, unafunga kamba kwenye kitu kisichong'oka, unasogea mbele polepole. Turubai linajikunja kutoka kabini kuja nyuma na linauviringisha mchanga wote nje. Mara ya kwanza kamba niliifunga kwenye tawi la mkorosho wa mama, tawi likavunjika na korosho zake na mabibo yake. Mama aliokota korosho moja moja akazitia kwenye kanga, wala hakunilaumu. Mara ya pili nikafunga kwenye shina, chini kabisa, na mchanga ukashuka kabla sijamaliza kuhesabu hadi ishirini.

Sijui nieleze vipi furaha ile. Nilishuka nikaitazama bodi, tupu, safi mpaka pembeni, nikapiga makofi peke yangu. Wanawake walikuwa ndiyo kwanza wanatokea njiani na mabeseni yao. Walisimama. Mmoja akauliza kama gari limeharibika.

"Tayari," nikawaambia. "Mmepumzika leo."

Mama alikuwa ameshatoa sinia nje. Nilikula ming'oko miwili nikiwa nimesimama, nikaondoka. Kwenye kioo niliwaona wamesimama bado, beseni ubavuni, wanaitazama ile chungu ya mchanga kama watu waliofika msibani wakaambiwa mazishi yamekwisha. Kesho yake walikuja watatu. Safari zilizofuata hakuja mtu, na mama hakuchemsha chochote.

Safari tano za turubai nilizimaliza kwa siku mbili. Safari ya mwisho wachimbaji walikuwa wamechoka na mto ulikuwa umechimbwa sana, nikawaambia wachote popote. Wakachota ukingoni, nikaona. Nilipokuwa nafunga kamba mikono yangu ilibaki myekundu, nikaipangusa kwenye suruali. Nalisema hili kwa sababu watu wakinihurumia hudhani sikujua. Nilijua, nikawa na haraka.

Fundi naye alisema mchanga wa juu ni mzito kidogo kwa udongo. Nilimwambia achanganye na ule wa chini na aongeze saruji. Alikuwa na nyumba nyingine inamngoja Lulindi, hakubishana. Wiki mbili baadaye kisima kilikuwa kimekwisha na plasta yake imekauka, laini, inang'aa, na mama aliingiza kichwa ndani akaita jina la baba ili asikie mwangwi. Aliufurahia sana. Mwishoni mwa mwezi uliofuata mvua ikapiga siku tatu mfululizo na kisima kikajaa nusu.

Mama alikuwa na ufito wake wa kupimia, aliouwekea alama kwa mkaa. Alianza kunipigia simu kila asubuhi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Yameshuka vidole viwili."

"Umechota?"

"Sijagusa."

Kesho yake vidole vinne. Keshokutwa akasema kiganja kizima. Nilikuwa nikipokea simu nikiwa nimesimama, halafu nazunguka uani kwangu kama kuku aliyepoteza vifaranga, nafungua geti, nafunga geti. Wiki ya pili nikaenda. Maji yalikuwa yamebaki ya kulowesha miguu. Fundi alishuka na ngazi, akagonga ukuta kwa mpini wa mwiko, plasta ikamfuata mkononi kipande kizima. Akampa mama mdogo, aliyekuwa amesimama ukingoni. Yule mama alikivunja, akasugua viganja, kisha akanionyesha. Vilikuwa vyekundu.

Nilimwomba mama. Nilimwambia kiangazi kijacho nitajenga tena, nitaleta mchanga mimi mwenyewe, nitauchekecha kwa chekeche. Nilisema nitanunua tangi la plastiki. Ndugu zangu kwenye simu walikuwa wameshachoka na habari ya kisima, wakasema makubaliano ni makubaliano, na mkono wa mama haujapona sawasawa. Nadhani mama angenitetea kwao kama ningembembeleza vizuri. Lakini alinitazama tu, na hakukuwa na hasira usoni mwake, jambo ambalo lilinichoma zaidi.

"Nilikubali mbele yenu wote," alisema. "Njoo Jumamosi."

Jumamosi nilikwenda. Nilitandika turubai ndani ya bodi bila kufikiri, mikono ilikwisha zoea. Nilipofika walikuwa wote pale, wale wanawake, na mama mdogo mbele yao. Walipakia mkono kwa mkono, kwa mstari uleule, kitanda, magodoro, kinu, mtungi, sanduku la nguo, na yule aliyeshika kitu alisimama nacho kidogo na kuzungumza kabla ya kukipitisha. Ilichukua muda mrefu. Sikufungua boneti. Mama alizunguka kumsalimia kila mmoja, kisha akachukua beseni lake la bati, lile alilokuwa akilitumia kwenye mchanga wa watu wengine, akakataa lisipakiwe nyuma. Alilipakata kabini. Tulipopita Chiungutwa lilikuwa bado mapajani mwake.

Tulifika kwangu mchana, jua kali. Nikafungua geti, nikaingiza gari, nikaacha injini inanguruma kwa kuwa nilikuwa na mzigo wa mtu wa kuchukua alasiri ileile. Nilifungua mlango wa nyuma, nikavuta kitanda, nikavuta godoro, nikavirundika barazani. Mke wangu alikuwa kazini. Nilipogeuka mama alikuwa bado amekaa kabini, mlango umefungwa.

"Mama, shuka, tumefika."

"Najua tumefika."

"Sasa unangoja nini?"

"Nangoja watu waje washushe kwanza," alisema. "Siwezi kuingia ndani watu wakanikuta nimelala."

Nilitazama nje ya geti. Mtaa ulikuwa mtupu. Upande wa pili nyumba ina ukuta mrefu na mbwa, ya kushoto ni ya mtu ninayemjua kwa honi ya gari lake tu, na kwenye duka la kona muuzaji alikuwa ameinamia simu. Miaka yote ile nimeingiza mizigo kwangu na hakuna aliyewahi kutoka, na sikuwahi kuona kuwa ni kitu. Nilitaka kumwambia kwamba hapa kila mtu hushusha vyake, lakini alikuwa amelishika lile beseni kwa mikono miwili, ule mzima na ule uliovunjika, tayari.

Nikazunguka, nikaingia upande wa dereva, nikazima injini. Tukakaa.