Fundi Aliyekataa Simu Zichomwe

Katika mtaa wetu, simu mbovu huishia jalalani nyuma ya soko, zikachomwa pamoja na maganda na mifuko. Wenyewe si wajinga, wanaogopa. Tangu kinyozi mmoja auze simu yake kwa fundi, na picha zake za faragha zikazagaa mitandaoni, kila mtu huona heri moto kuliko fundi. Basi kwa sababu ya wachache wasio na haya, sote tunavuta moshi wa betri. Ni aibu, na ninalisema bila kumung'unya maneno.

Aliyelivalia njuga jambo hili ni mwanamke wa makamo tunayemwita Bisibisi, fundi simu mwenye kibanda cha mabati na mdomo usiopoa. Hakuulizi nywila. Anakukalisha mbele yake ufute mambo yako kwa kidole chako mwenyewe, ndipo aifungue simu na kuvuna vipuri.

"Siri zako kaa nazo," husema. "Mimi nataka kioo na betri."

Juma lililopita shangazi yake, mshonaji, alikubali hatimaye kuleta simu yake ya miaka saba. Aliifungua ili afute, kisha akatoka mara moja kununua maji. Kwa furaha, Bisibisi akaipiga picha pale mezani na kuirusha kwenye ukurasa wa kibanda: "Hii haichomwi!" Kioo kilikuwa kinawaka. Ujumbe wa shangazi kwa mchumba wake ulisomeka wote, hata mabusu.

Shangazi alirudi mbio. "We mtoto! Mtaa mzima unaniuliza harusi lini!"

"Nisamehe, shangazi. Niliona simu tu, sikuona maandishi."

"Hukuona? Wewe unayeona skrubu ndogo kama chawa? Lete simu yangu nikaichome!"

"Kwani harusi lini?" mteja mmoja akachokoza.

"Koma!"

Bisibisi alijua kwamba simu ile ikiondoka, itaondoka na imani ya mtaa mzima. Aliifuta ile picha, kisha akamkabidhi shangazi simu anayotumia yeye fundi, ikiwa wazi kwenye ukurasa wa kibanda.

"Pitia ukurasa wote. Kila kitu cha mteja, futa."

Shangazi akavaa miwani. Alifuta kwa saa nzima, akiguna na kusonya, hadi ukurasa ukabaki na bei na saa za kazi tu. Hapo ndipo alipoivuta simu yake kuukuu, akampa Bisibisi mgongo asichungulie, akaanza kufuta ujumbe wa mchumba mmoja mmoja, taratibu, huku akitabasamu.