Kiko cha Bibi Niliyerithi Jina Lake

Daktari aliniuliza kama navuta sigara, nikamjibu sivuti. Wala sikumdanganya. Siku ile pale hospitalini Bariadi, akilini mwangu aliyekuwa anavuta ni bibi, na bibi alishafariki.

Mimi nina jina lake. Nikiwa mdogo kule Migato, mimi ndiye niliyekuwa namwashia kiko jikoni: naweka kaa la moto juu ya tumbaku, navuta mpaka ishike, ndipo nampelekea. Nilipoolewa, miaka ikapita bila mimba, mama mkwe akasema bibi ana kiu ya tumbaku na mwenye jina ndiye wa kumvutia. Basi kila jioni ananijazia kiko, nakaa mkekani, navuta kwa niaba ya marehemu. Mimba haikuja. Siku zangu ndizo zikaanza kuruka, mwezi huu nazipata, unaofuata kimya. Mkwe akaongeza tumbaku.

Daktari, mama mtu mzima, alisogea akanusa kitenge changu.

"Harufu hii ya tumbaku ni ya nani?"

"Ya bibi."

"Yuko wapi?"

"Tulishamzika."

Hakucheka. Nilipomweleza, akasema moshi unaingia kwangu, siyo kwa bibi. Tumbaku inavuruga homoni, inaweza kumaliza mayai ya mwanamke kabla ya wakati, na hata mimba ikishika inaweza kuharibika. Huenda kuna sababu nyingine, tupimwe mimi na mume wangu, lakini tumbaku niache leo leo. Mimi nilibaki na neno moja tu, kumaliza. Niliogopa jamani.

Njiani hofu ikawa mbili. Nikiendelea, nammaliza mwanangu kabla hajaja. Nikiacha, bibi akikasirika je? Usinicheke wewe uliyezaliwa mjini, huyo bibi ndiye aliyenilea.

Jioni mkwe alikuwa ameshatandika mkeka. Akaninyooshea kiko.

"Vuta, mwanangu. Anasubiri."

Nilipiga magoti nikamrudishia kwa mikono miwili.

"Mayu, mama yangu, niombee ruhusa kwa bibi nipumzike. Nikipata mtoto wa kike, nitampa jina lake."

Alikung'uta tumbaku yote chini, taratibu.

"Na usipompata?"

Nikakunja mkeka. Mpaka naandika haya siku zangu hazijarudi, na kila asubuhi nikiamka, kitu cha kwanza ni kuangalia; sijui kama ni mimba au ndiko kumaliza.