Mdogo wangu aliniapisha nisimwambie kocha

Admin, jina langu lifiche vizuri, maana Waswahili wa Stockholm tunajuana hadi kwa makoti. Mimi ni dada wa miaka thelathini na tatu, Mrundi, naishi Hagsätra, sina mume wala mtoto wa kumzaa. Ninaye mdogo wangu wa kiume, nitamwita Elia, ana miaka ishirini. Mama yetu alifariki Elia akiwa na miaka tisa, na baba hatukuja naye huku, kwa hiyo mimi ndiye niliyemlea. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani, na wengi wao wameshapoteza kumbukumbu. Hilo la kazi mlishike, mtaona kwa nini nimelisema.

Elia anacheza hoki, ule mchezo wa barafuni, wa fimbo na viatu vyenye visu. Najua mnacheka. Hata kanisani walicheka, mama mmoja wa Fittja akaniuliza, "Mtoto wa Bujumbura na barafu wapi na wapi?" Nikamjibu, "Na wewe na buti za theluji wapi na wapi?" Tangu mwalimu alipolipeleka darasa lao uwanjani, mtoto hakutaka kitu kingine. Nimelibeba lile begi lake kwenye treni, nimeanika glovu zake hadi majirani wakalalamikia harufu. Timu yake ni ya daraja la chini, vijana wanaocheza huku wakiota kuitwa juu. Mwaka juzi alikaribia kuitwa, wakamkata dakika ya mwisho. Alijifungia chumbani majira yote ya baridi, nikawa namwachia chakula mlangoni kama mfungwa. Sitaki kuiona tena baridi ile.

Safari hii timu kubwa imemwita kufanya majaribio na wakubwa. Vijana watatu wanagombea nafasi moja, yenye mkataba wa kweli. Simu ilipoingia nililia, nikawapigia mashangazi hadi Bujumbura. Basi wiki iliyopita mazoezini akagongwa na jitu moja, kichwa kikapiga ukuta wa uwanja. Akainuka, akaendelea kucheza, akamwambia kocha yuko sawa. Nyumbani akatapika, akafunga mapazia yote mchana kweupe. Nikavaa koti, nikamwambia twende hospitali. Akanishika mkono. "Dada, snälla, nakuomba. Wakijua ni kichwa wataniweka nje wiki na wiki, nafasi atapewa mwingine. Niapie kwa Mama kwamba husemi. Ukisema, usiniite tena ndugu yako." Kwetu kiapo cha marehemu hakichezewi. Nilimtazama, nikaikumbuka ile baridi, nikaapa.

Kesho yake alikula ugali, akaosha sahani, kisha akarudi kuniuliza leo tunakula nini. Nikajisemea amechoka tu. Jumapili tulikuwa kwenye treni, tumetoka Skärholmen kununua soksi, akaniuliza tunakwenda wapi. Nikamjibu nyumbani. Akauliza tena, kwa sauti ileile, kwa uso uleule. Ndugu zangu, nina mzee ninayemhudumia ambaye kila asubuhi hunikaribisha kama mgeni. Macho yake nayajua. Siku hiyo niliyaona kwa mtoto wangu.

Kilichonimaliza ni juzi mezani. Nimepakua maharage, Elia akasogeza sahani moja kando, akasema, "Hii ya Mama. Leo amechelewa." Kijiko kiliniponyoka. Nikamwita jina lake. Akashtuka, akacheka, "Natania tu, dada." Hakuna mtu anayetania hivyo. Nikamwambia, "Elia, imetosha. Kocha namwambia, Mama atanisamehe kiapo." Akanijibu kwa Kiswidi, kama wanavyotujibu watoto wetu wote huku, "Kiapo gani?" Nilidhani ananijaribu. Nikamkumbusha mapazia, koti langu, maneno aliyonitamkisha. Akaniangalia kwa huruma, kana kwamba mgonjwa ni mimi. "Dada, mimi sijawahi kukuapisha kitu." Nikaenda bafuni, nikafungulia maji asinisikie, nikalia.

Cha ajabu, uwanjani anang'ara. Miguu yake haijasahau kitu, ndiyo maana hakuna anayegundua. Kocha amemsifia mbele ya wenzake. Jumamosi ni mechi ya mwisho ya majaribio, wakitoka hapo wanachagua. Akigongwa tena kichwa kile... hapo siwezi kumalizia. Na nikisema, nafasi imekwenda, na yeye naweza kumpoteza vilevile. Lile neno la usiniite ndugu yako najua amelisahau pia, lakini mimi sijalisahau, naamka nalo na kulala nalo.

Najua mtaniandikia mficha maradhi kifo humuumbua. Methali naijua, nimefundishwa na mama huyohuyo niliyeapa kwa jina lake. Ila jueni pia kwamba huyu mtoto hajawahi kuniomba kitu kingine maishani. Hakuomba simu, hakuomba viatu vya fasheni, ameomba barafu tu. Na mimi nilitaka sana apate, nisiwadanganye. Nilishaiona jezi yenye jina la baba yetu mgongoni. Ninaumia, jamani, ninaumia hadi kazini wazee wananiuliza nina nini, kisha wanasahau, wananiuliza upya.

Sasa hivi ninaandika nikiwa jikoni. Elia yuko sebuleni anazungushia utepe fimbo yake, anaimba wimbo wa kanisani. Ameniuliza mechi ni lini, nikamjibu Jumamosi. Amefurahi, ameendelea kuimba, kisha ameniuliza tena. Kiapo kile tumebaki nacho mimi na marehemu tu, mwenyewe aliyeniapisha hayupo tena. Nishaurini kabla ya Jumamosi: nikivunje, nimpoteze akinichukia, au nikitunze, nimpoteze akiwa ananicheka hapa mezani, akinisubirisha Mama aje kula?